Mama Mkwe na Kijiti cha Televisheni

Hebu mwone Calvince Ondiek akiingia dukani kwa Prerna, kwenye barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu. Ni asubuhi, jua halijaanza ukali wake. Mgongoni kabeba mzigo mkubwa uliofungwa kwa leso ya mkewe, fundo kifuani, vile akina mama wanavyobeba watoto wanapowapeleka kliniki. Mlinzi wa mlangoni anampisha kwa heshima, akidhani kuna mgonjwa. Calvince anafika kaunta, anainama taratibu, anafungua fundo, na ndani ya leso inatokea kompyuta ya mezani, ya skrini na mashine pamoja, nyeusi, kuukuu, ingali na kibandiko cha chuo kilichoipiga mnada.

"Habari ya asubuhi, Mama," akasema. "Nimekuja kununua kijiti cha televisheni. Kile cha kuchomeka kwenye kompyuta."

Prerna, ambaye familia yake imeuza redio na nyaya mtaani hapo tangu enzi za babu yake, aliitazama kompyuta, akamtazama Calvince, kisha akaitazama leso.

"Kijiti chenyewe ni kidogo hivi," akaonyesha kidole gumba. "Ungekuja na mfuko wa shati tu, ungetosha."

"Najua. Lakini lazima wakutane kwanza."

Ukitaka kumjua Calvince, anzia hapo. Kazi yake ni kutengeneza cherehani katika soko la Kibuye; yeye hashoni, huziponya zinazoshona. Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Alifungua moja, akaikosea, akaifungua tena, hadi ikaamua kumsamehe. Ilimwachia tabia moja: hanunui kipuri kabla ya kukikutanisha na mashine yake. Siku aliyokwenda kununua kitasa, alibeba mlango. Mkewe, Lorine, alishinda ameketi pale mlango ulipokuwa, mwiko mkononi, akiitikia salamu za wapita njia. Kitasa chenyewe hakijalegea hadi leo.

Televisheni yao iliungua mwaka jana, stima iliporudi kwa kishindo. Badala ya kununua nyingine, Calvince alinunua ile kompyuta mnadani. Ilikuwa nzito kuamka kama mtu aliyeshiba wali wa matanga, mpaka Naswa, mwalimu wa kompyuta anayeimba besi naye kwaya moja, alipofuta kila kilichokuwemo na kuweka Linux, mfumo wa bure usiodai mashine mpya. Tangu hapo ikawa inaamka vizuri. Kilichokosekana ni televisheni ndani yake, na jambo hilo halikumsumbua mtu yeyote hadi mama mkwe alipopiga simu.

Mama Achola, mamake Lorine, ni mfinyanzi wa Nyakach, na vyungu vyake huuzwa Katito siku ya soko. Kabla ya mvua ndefu, watu wa kituo kimoja cha televisheni walikuja kuwapiga picha wanawake wa kikundi chake. Yeye alifinyanga dapi, ule mtungi mkubwa wa maji, tangu mwanzo hadi mwisho, na mpiga picha mmoja mwenye miguu mirefu akapanda juu ya stuli, akaielekeza kamera ndani kabisa ya mtungi. Wanawake walimcheka. Majuma machache baadaye Mama Achola aliamka upande wake wa kushoto ukiwa umekufa ganzi. Mguu ulirudi. Mkono haukurudi.

Na katika kufinyanga dapi, mkono wa kushoto ndio unaokaa ndani. Wa kulia hukwangua nje. Watu wanauona, wanausifu. Wa kushoto uko gizani, umeushikilia ukuta wa udongo usianguke. Tangu ugonjwa ule, kila dapi ambalo wenzake walijaribu kuliinua lilibomoka mabegani, na kila walipomuuliza Mama Achola mkono wa ndani hufanya nini, alifungua mdomo akakosa la kusema. Mkono haukuwahi kumwambia. Sasa kipindi kilikuwa kimepangiwa Jumamosi alasiri, na humo ndimo mlimobaki mahali pekee duniani ambapo mkono ule ulikuwa ukifanya kazi.

"Wenzangu watatazamia hotelini, hapa Katito," alimwambia Lorine kwa simu. "Lakini televisheni ya hoteli inapita kama mto. Nasikia kompyuta inaweza kusimamisha picha. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mama," Lorine akajibu, kisha akamtaja mumewe kwa jina la binti yao. "Hata ya Baba Sheryl inasimamisha."

Hakusema uongo. Hakusema tu kwamba hapakuwa na picha ya kusimamishwa.

Ndiyo maana Calvince yuko kaunta. Prerna alimwekea kijiti cha kwanza, na antena yake nyembamba kama sharubu la panzi.

"Hiki kinashika dunia nzima."

"Dunia nzima, pamoja na Kisumu?"

"Kwani Kisumu iko wapi, Bwana?"

Calvince akampigia Naswa simu, akaweka sauti ya wazi ili duka lote lisikie.

"Soma sanduku," Naswa akasema. "Kimeandikwa DVB-T au DVB-T2?"

"T, halafu basi."

"Kirudishe. Sisi huku matangazo yetu ni T2. Hicho kitakaa hapo kama mgeni asiyejua Kijaluo kwenye mazishi: anaona watu wanalia, hajui nani amekufa."

Calvince alikichomeka hata hivyo. Kompyuta ikakitambua, ikatafuta stesheni kwa bidii huku waya wa antena ya paa la Prerna umeunganishwa, ikarudi mikono mitupu.

"Naswa amesema kweli," akaripoti.

"Asante kwa kuniamini," simu ikasema.

Kijiti cha pili kilikuwa T2, na sanduku lake liling'aa kama la harusi. Kompyuta ilikipokea kimyakimya. Calvince akangoja. Akakichomoa, akakichomeka upande mwingine, akangoja tena. Kimya.

"T2 peke yake haitoshi," Naswa akaeleza. "Chipu ya ndani lazima Linux iwe na programu ya kuiendesha. Na usiulize sanduku. Hao wenye viwanda hubadilisha chipu, sanduku wakaliacha vilevile. Hata namba ya nje ni ileile."

"Huyu rafiki yako," Prerna akasema, "ananiharibia biashara na wala hayuko hapa."

"Anakusalimia pia."

"Na hii Linux ni ya nani? Nipe namba ya mwenyewe, nimpigie aniambie anataka chipu gani."

"Haina mwenyewe."

"Ndiyo maana haijui inachotaka."

Lakini Prerna hakuwa mtu wa kumwacha mteja aondoke na leso tupu. Alisimama akijigonga meno kwa kalamu, kisha akaenda nyuma, akarudi na kijiti kisicho na sanduku, kimefungwa kwa mpira wa noti.

"Hiki kilirudishwa. Mteja wangu wa Milimani alisema kinamzimia mashine yake ya Windows. Nilikuwa nikitupe."

Calvince akakichomeka. Kompyuta ikaandika mstari mmoja, ukafuata wa pili, ikataja chipu kwa jina lake kama mtu anayemwona mwanakijiji mwenzake stendi. Ikaanza kutafuta. Stesheni ya kwanza ikaingia, ikaingia ya pili, halafu zikaanza kumiminika hata mlinzi akauacha mlango. Picha ya kwanza kutokea ilikuwa ya daktari wa mifugo akieleza ugonjwa wa kwato. Watu watatu na mlinzi waliitazama hadi mwisho.

"Bwana Ondiek," Prerna akasema, "umechukua kile kilichokataliwa."

"Hakikukataliwa, Mama. Kilikuwa hakijakutanishwa."

Akaifunga kompyuta yake leso, akaondoka.

Nyumba ya Calvince iko Nyalenda, vyumba viwili. Sebule ina viti, meza ya chakula, na vichwa vya cherehani vinavyongoja kuponywa. Alianza kujaribu hapo. Kijiti hakikushika hata stesheni moja, kwa kuwa ukuta wa sebule umepakana na godauni la mabati. Akahamia chumbani, kwenye dirisha linalotazama vilima vya Riat, akabandika antena kwenye nondo za dirisha. Zikaingia zote, na kile kituo kilichokwenda Nyakach kikawa safi kuliko vingine. Alinunua waya mrefu ili auvute hadi sebuleni. Picha ikakatikakatika kama ugali uliokosa moto. Alijaribu kurekodi taarifa ya habari. Stima ikapotea katikati, na iliporudi faili lilikuwepo kwa jina tu, ndani hamna kitu. Basi akaamua. Kompyuta itakaa chumbani dirishani. Jumamosi atarekodi kwa kubahatisha, lakini kutazama ni papo kwa papo, na kidole kiwe tayari kwenye kitufe cha kusimamisha.

Ijumaa jioni alimwita Lorine aone. Daktari wa mifugo alikuwa hewani tena. Calvince akagusa kitufe, daktari akaganda mdomo wazi, ng'ombe naye akaganda. Akagusa tena, wakaendelea.

Lorine aliangalia vizuri sana. Kisha akasema, "Na Mama ataketi wapi?"

Calvince alinyosha mkono kumwonyesha. Akageuka, akakiona kitanda.

Huyu ni mtu aliyewaza juu ya T na T2, juu ya chipu na programu ya kuiendesha, mabati ya godauni na stima ya Kisumu. Hakuwa amemuwaza mama mkwe kama mtu atakayehitaji kuwa mahali fulani. Kwa Wajaluo, mama mkwe haoni kitanda cha mkwewe. Halali chini ya paa lake, hampi mkono, na chumbani mwake haingii hata kukiwaka moto.

"Yawa," Calvince akaguna kwa Kijaluo, kama mtu aliyekwama.

Lorine alimpigia shangazi yake wa Sondu, ambaye ukoo mzima humletea mambo ya namna hii. Shangazi alisikiliza hadi mwisho. Alitaka kwanza kujua kijiti ni kitu gani. Akaelezwa, akasema hakihusiki. Kisha akatoa hukumu: kibaya ni kitanda. Chumba kisicho na kitanda ni stoo.

"Na stoo Mama anaweza kuingia?"

"Stoo ya nani?"

"Yetu."

"Ya kwako, au ya mumeo?"

"Shangazi, ni stoo moja."

Shangazi akasema salio la simu linaisha, ingawa aliyepiga ni Lorine.

Jumamosi asubuhi, basi, kitanda kilitoka. Sebuleni hakingeweza kukaa, maana hapo ndipo mama mkwe angepokelewa. Ilibidi kivuke uwanja mchana kweupe, Calvince mbele, Lorine nyuma na godoro kichwani. Opondo, mtunzaji wa ploti hiyo ya nyumba za kupanga, aliacha kufagia.

"Calvince, mnahama au mnaachana?"

"Hatuhami wala hatuachani. Mama mkwe anakuja kutazama televisheni."

Opondo alilitafakari hilo.

"Hiyo televisheni," akauliza, "ni ya ukubwa gani?"

Jirani waliyemwomba akihifadhi, Wakhisi, kinyozi, alikipima kwa macho kutoka mlangoni kwake. "Nitakisimamisha ukutani. Lakini mke wangu Msabato akirudi kutoka kanisani akakuta kitanda cha pili, nyinyi ndio mtaeleza. Mimi nitakuwa kazini."

Mama Achola alifika na kikapu cha kunde na unga wa mtama, akaketi sebuleni kwenye kiti kilicho mbali zaidi na cha Calvince. Mkono wa kushoto aliuweka mapajani, akaufunika na wa kulia, jinsi mtu anavyomfunika mtoto aliyelala. Walisalimiana yeye na mkwewe bila kutazamana.

"Lorine, muulize Baba Sheryl, kazi inaendeleaje."

"Mwambie Mama inaendelea vizuri."

"Lorine, mwambie nashukuru kwa kuhangaikia mashine."

"Mwambie Mama si kitu."

Lorine, aliyesimama katikati na sufuria ya chai, hakuwa amefungua mdomo hata mara moja.

Wakati ulipokaribia, kwa kuwa shangazi hakuamua stoo ni ya nani, walimwekea mama kiti upande wa sebule, miguu ya kiti ikigusa kizingiti cha chumba. Mlango uliachwa wazi. Meza ya kompyuta ilikuwa imevutwa hadi pale waya wa antena ulipokataa, na skrini imegeuzwa imwelekee. Calvince aliketi humo ndani pembeni, kampa mgongo, kidole kwenye kitufe. Ndipo alipogundua kwamba njia ya kutokea ni moja, na mama mkwe ameketi mlangoni.

Mama Achola hakutazama skrini kwanza. Alitazama sakafu. Katikati ya saruji palikuwa na alama nne nyeupe, kila moja kwenye pembe yake.

"Lorine. Na hizo ni nini?"

"Ni alama, Mama."

"Za nini?"

"Za... meza."

"Meza ya urefu huo mnakula na nani?"

Calvince aliendelea kuutazama ukuta. Ulikuwa ukuta wa kawaida.

Kipindi kikaanza. Zikaonyeshwa barabara za Nyakach, udongo ukichimbwa, wanawake wakicheka. Simu ya Mama Achola ikalia papo hapo. "Tumekuona!" zikapiga kelele sauti za Katito. "Hicho kitambaa cha kichwa ulitoa wapi?" Akaikata, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu. Kwenye skrini aliketi Mama Achola mwingine, ana mikono miwili, anaviringisha udongo, anauzungusha, dapi linainuka. Huyu wa mlangoni akasogea mbele ya kiti.

Kamera ikapanda. Ikachungulia mdomo wa mtungi, ikashuka ndani.

"Simamisha," akasema Mama Achola. Hakumpitishia Lorine.

Calvince akasimamisha.

Mkono ulikuwa pale. Kutoka mahali alipoketi Calvince ulionekana wote, kila kiungo cha kidole. Kutoka mlangoni, kwa macho ya mwanamke aliyetazama moto wa vyungu maisha yake yote, ilikuwa hudhurungi juu ya hudhurungi.

"Sioni. Lorine, niambie vidole viko wapi."

Lorine akaingia, akainama karibu na skrini. Yeye alisomea ukatibu na hajawahi kufinyanga hata kikombe. "Vimekunjwa, Mama. Hapana. Viwili vimekunjwa. Gumba liko chini."

"Chini ya nini?"

"Chini ya... ya vile vingine."

"Vinasukuma au vinapokea?"

Lorine aliangalia. Picha iliyosimama haimwambii kitu mtu asiyejua. Akamgeukia mumewe.

Calvince alikuwa ameona kabla picha haijasimama. Miaka yote ya kushika vyuma vya watu ilimfundisha kujua kinachobana na kinacholegeza. "Mwambie Mama," akasema kwa ukuta, "mkono hausukumi. Ule wa nje ukikandamiza, huu unarudi nyuma kidogo."

Mama Achola akauinamia mkono wake wa mapajani.

"Kidogo kiasi gani?" mama mkwe akauliza.

Calvince alitafuta neno. Aliinua mkono wake mwenyewe, akaukunja, akaurudisha nyuma hewani, lakini alikuwa amempa mgongo na mkono ulikuwa mbele ya kifua chake. Hakuna aliyeuona ila dirisha.

"Mwambie Mama sina neno lake."

"Najua," akasema Mama Achola. "Hata mimi sikuwa nalo."

Kule uwanjani redio ya nyumbani kwa Wakhisi ikakoroma, ikanyamaza, ikarudi. Taa ya chumbani ikafifia, ikajikaza. Kila mtu wa Nyalenda anajua maana ya taa kufifia hivyo. Kompyuta ile haina betri. Stima ikienda, mkono nao unakwenda, na la kurekodi mnajua lilivyoishia.

Kiti kikasogea. Calvince akasikia ndara zikivuliwa, moja, na ya pili. Akasikia nyayo zikisimama juu ya saruji, pale pale kizingiti kinapoishia, zikakaa hapo, hatua chache kutoka mahali ambapo macho yake yangeuona mkono. Mama Achola hakuuliza lolote, na Lorine, ambaye siku nzima amekuwa akitumwa maneno, hakutumwa neno. Mgeni haingii mahali asipokaribishwa. Na chumba, kitanda kiwepo kisiwepo, kilikuwa cha Calvince. Taa ikafifia tena.

Sasa niambie, wewe uliyefuatana naye tangu kaunta ya Prerna: kidole kiko kwenye kitufe, mgongo umemwelekea mama wa mke wako, naye yuko pekupeku nyuma yako. Ungeiacha picha iende zake na heshima ibaki nyumbani, au ungegeuka umtazame usoni, umwambie, "Mama, karibu ndani"?